Ndoo za Bluu za Uani kwa Mama Jack

Ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia Kariakoo kwa miguu, utalikuta duka la Severa kabla shati halijashika mgongo. Ni duka la mabomba na viungo vyake, na mbele yake kuna benchi la mbao ambalo hakuna anayekumbuka nani alilileta. Benchi hilo lina wenyewe. Yupo Kompresa, jina la ubatizo Benedict, fundi friji ambaye karakana yake ni ukuta wa jirani na mwavuli mmoja. Yupo Mzee Rajni, yaani Rajnikant, muuza vipuri vya mashine za kufulia ng'ambo ya mtaa, ambaye duka kamwachia mwanawe Parth ili yeye apate nafasi ya kulilinda akiwa mbali. Yupo Heriel, karani mstaafu wa bandarini, ambaye tangu astaafu hajanyamaza, ndiyo maana anaitwa Bunge. Na katikati yao amekaa Waridi na dele lake la kahawa juu ya makaa, kashata kwenye sinia, ulimi tayari. Severa mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Jack, haketi pale. Anawasikia kutokea kaunta huku akihesabu viungo, na mara nyingi ndiye anayewajibu.

Jumanne hiyo aliwasikia mapema kuliko kawaida, kwa sababu walikuwa wanamjadili mwanawe.

Jacqueline, binti yake wa kwanza, alisomea viumbe wa baharini chuo kikuu. Alimaliza, akavaa joho, akapiga picha, na kwa miaka miwili sasa alikuwa anajitolea kwenye kituo kimoja cha utafiti, neno ambalo Severa alilielewa kuwa kazi isiyo na mshahara. Miezi minne iliyopita aliuteka ua wa duka kwa mtambo wake: ndoo tisa za maji ya bahari zenye chaza, na mtungi wa gesi. Mabomba yaliyokuwa yakikaa uani yakahamia dukani, na Severa akaanza kupita upande upande kama kaa.

Mwisho walikubaliana. Siku hiyo saa tano Daktari Ritha wa kituoni angekuja na kipimo chake cha uhakika. Kama mtambo wa Jacqueline ungekuwa umetulia siku saba bila kuyumba, kituo kingeuchukua, na Jacqueline mwenyewe kingemwajiri. Kama umeyumba, ndoo zinatoka, mabomba yanarudi uani, na Jumamosi Jacqueline anapanda basi kwenda Moshi kusimamia duka la mjomba wake Gaudens. Severa hakuwa anatania. Gaudens alikuwa ameshaambiwa.

Asubuhi hiyo Jacqueline alikwenda Feri, kwenye soko la samaki, kuchota maji mapya ya bahari. Kabla ya kutoka alisema jambo moja tu:

— Mama, uani asiingie mtu. Hata wewe usiguse.

Saa nne kasorobo benchi lilikuwa limejaa.

— Mimi nawaambia mtoto yule anatengeneza soda, alisema Mzee Rajni. Mtungi ule ni gesi ya soda. Kwangu kachukua vali sita za mashine ya kufulia. Nani anafua nguo kwa mashine sita?

— Soda yenye chaza ndani? Kompresa alicheka. Nani ainywe, mzee wangu?

— Wapo, alisema Waridi. Mji huu una watu wanakunywa supu ya pweza saa mbili asubuhi kwa ahadi ya saa mbili usiku. Na chaza si ndugu yake pweza? Yule anapika dawa ya kinababa.

— Waridi, watoto wanapita.

— Watoto wametoka wapi kama si huko huko?

Bunge aliweka finjani chini. Bunge akiweka finjani chini, watu husogeza miguu, maana hotuba inapita.

— Ninyi mnaangalia ndoo, hamwangalii mbele. Serikali imehamia Dodoma, haijahamia?

— Imehamia.

— Wizara?

— Zimehamia, Bunge. Twende.

— Kilichobaki Dar ni nini? Bahari! Sasa ile ni mbegu. Inazoezwa kwanza kwenye ndoo, ikikubali inapakiwa kwenye lori mpaka Dodoma. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wee! Bahari ya kuotesha!

— Bunge, alisema Severa kutoka ndani, mwanangu hakukaa chuo miaka mitatu kujifunza kupanda bahari kama mchicha.

— Basi tuambie wewe, Mama Jack. Si wako?

Severa alipanga viungo vyake viwili vya mwisho kwenye boksi. Aliwaeleza kama alivyoelezwa: moshi wa magari na viwanda una hewa ya ukaa, na sehemu ya hewa hiyo inanywewa na bahari. Bahari ikiinywa sana, maji yanaingia asidi kidogo kidogo, na chaza anapata shida kujenga gamba lake.

— Alinionyesha kwa yai, alisema. Kalitia kwenye siki jikoni kwangu. Kesho yake ganda hakuna, limebaki yai linatetemeka kama jicho. Yai zima.

— Kwa hiyo mtungi ule ndio moshi, na ndoo ndiyo bahari, alisema Kompresa polepole.

— Ndiyo. Anataka kuona chaza wetu watavumilia mpaka wapi.

— Na wenzetu wa nje hawana mashine ya kazi hiyo?

— Wanayo, alidakia Mzee Rajni. Parth kaitafuta kwenye simu. Kwa bei yake unapata nyumba Magomeni, na wapangaji ndani.

Kisha Kompresa akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

— Mama Jack, nichungulie. Kwa macho tu. Mimi ndiye niliyemfungia geji ya mtungi, siwezi kuharibu.

Severa alijua alichoambiwa. Lakini yeye mwenyewe, kwa miezi minne, alikuwa akipita pale na ndoo ya kudekia bila kusimama hata mara moja kutazama. Akafungua mlango wa uani.

Chini ya turubai zilikaa ndoo tisa kwa mistari mitatu: tatu zenye mifuniko ya bluu, tatu ya njano, tatu nyekundu. Ndani ya kila moja, chaza wachanga ishirini wa ukubwa wa kucha ya dole gumba. Pampu ndogo za matangi ya samaki wa mapambo zilikoroma taratibu zikipuliza hewa. Kutoka kwenye mtungi mpira ulikwenda kwenye vali za Mzee Rajni, na kutoka hapo ukaendelea kwa mirija ya dripu za hospitali, na vile vigurudumu vyake vya kupunguza na kuongeza, gesi ikiingia majini povu moja moja. Kila ndoo ilikuwa na kipimo chake cha asidi, ambacho namba hushuka asidi ikipanda, na nyaya zote zilikimbilia kwenye sanduku moja la plastiki lenye taa ndogo ya kijani. Severa aliinama. Lilikuwa kontena lake la chakula, lililopotea tangu Pasaka.

— Mwizi nimemzaa mwenyewe, alisema.

Kompresa alikuwa amevua kofia.

— Tazama vali hii. Ilizaliwa ipeleke maji kwenye nguo chafu, leo inapimia chaza pumzi. Na ona mikunjo ya mpira. Hakuna pa kubana. Mimi miaka kumi na tisa nafunga friji, kazi kama hii nimeiona mara mbili, na moja ilikuwa yangu.

Alizunguka ndoo zote, mikono nyuma kama mkaguzi. Akasimama kwenye mstari wa bluu.

— Mama Jack, hizi tatu hazina gesi.

— Zina mapovu hizo.

— Hewa ya pampu tu. Gesi haifiki. Ona, mpira wa njano umeishia hapa, kaukunja, kaufunga na uzi. Kakosa tii tatu, vile viungo vya kugawa mpira. Sisi mafundi, mpira uliokunjwa na kufungwa uzi ni kazi ambayo haijaisha.

Severa aliutazama ule uzi. Jacqueline alikuwa amemweleza habari ya rangi za mifuniko, lakini alimweleza usiku akiwa anageuza chapati huku anasinzia, na kilichobaki kichwani ni harufu ya chapati. Alichokumbuka vizuri ni kitu kingine. Mwezi uliopita mtoto alikuja kaunta kuomba viungo viwili, na yeye akamjibu mbele ya wateja kwamba duka si sadaka. Tangu siku hiyo Jacqueline hakuomba tena. Sasa daktari anakuja kukagua, atakuta ndoo tatu zimerukwa kwa sababu ya vipande vitatu vya plastiki vilivyojaa kwenye boksi hatua kumi kutoka pale. Nyumbani kwa Severa, chakula kikipakuliwa, hakuna sahani inayorukwa.

— Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! alisema Bunge, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni bila kualikwa.

Severa akaenda dukani, akarudi na tii tatu ndogo. Kompresa hakuchukua hata dakika tano. Alirudi kwenye benchi anatembea kama aliyeoa.

— Waridi, mimina. Zungusha kwa wote.

Walikuwa kwenye finjani ya pili simu ya Severa ilipoita. Alipopokea alisikia kwanza mnada wa samaki, watu wakipandishana bei kwa sauti, kisha mwanawe.

— Mama, nani yuko uani?

— Hakuna mtu.

— Bluu ya pili imeshuka. Ilikuwa nane nukta moja wiki nzima, sasa nane kamili. Subiri... saba nukta tisa. Zote tatu. Sanduku limenitumia ujumbe. Mama, nani kagusa bluu?

Severa alimtazama Kompresa. Kompresa aliirudisha finjani aliyokuwa karibu kuinywa.

— Kompresa kafunga tii, alisema Severa. Nilizitoa mimi.

Feri iliendelea kupiga kelele. Jacqueline hakupiga kelele, na hilo lilimkaa mama yake vibaya zaidi.

— Mama, bluu ndiyo bahari ya leo. Haipewi gesi. Njano ni bahari ya wajukuu zako, nyekundu ni ya wajukuu zao. Chaza wakifa kwenye nyekundu, nitajuaje kama wameuawa na asidi au wamechoka tu kukaa ndooni? Namwangalia wa bluu. Wa bluu ndiye shahidi wangu. Sasa mmemnywesha naye.

— Tufanye nini?

— Atoe tii, aukunje mpira kama ulivyokuwa, aufunge uzi. Asiguse kingine. Nakuja.

Kompresa alikwenda uani bila kofia na bila maneno. Aliporudi alikaa mwisho kabisa wa benchi, nusu nje.

— Fundi mzima, alisema. Fundi mzima nimefunga kitu bila kumuuliza mwenye kazi.

— Sikilizeni, alisema Bunge kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wengine. Daktari akija, umeme ulikatika. Basi. Dar nzima hakuna atakayebisha. Penye wazee hapaharibiki neno.

— Na mimi shahidi, alisema Mzee Rajni. Hata kwangu ulikatika. Parth! Umeme ulikatika saa nne, umesikia?

— Upo, baba! alijibu Parth kutoka ng'ambo. Feni si hii inazunguka!

— Nimesema ulikatika!

— Acheni, alisema Waridi. Uongo huo mtaingia nao, mtashindwa kutoka nao.

— Waridi, alisema Bunge, mtoto anapelekwa Moshi Jumamosi. Unataka aende?

Wote wakamtazama Severa, naye akawa anatazama mtaa, kwa sababu mwanamke mfupi mwenye begi mgongoni alikuwa anauliza duka la Mama Jack kwa mtu wa mikokoteni. Kafika mapema, kama wafikavyo watu ambao huwataki.

— Shikamoo mama. Mimi ni Ritha, natoka kituoni.

— Marahaba. Karibu.

— Daktari, pole na njia, alianza Bunge. Bahati mbaya asubuhi hii umeme...

— Umeme haujakatika, alisema Severa.

Alijua kwamba kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa anamfungia mwanawe begi la Moshi. Lakini alikuwa ameuza mabomba miaka ishirini na mbili, na jambo moja alilijua: ukificha mahali bomba linapovuja, unauza mafuriko.

— Saa nne na kitu nilitoa tii tatu, fundi huyu akazifunga, bluu zikapata gesi. Tulidhani zimesahaulika. Mwanangu hayupo, kaenda Feri. Alikataza tusiguse. Kosa ni langu.

Daktari Ritha alimtazama yeye, kisha akamtazama Kompresa, ambaye alikuwa amebakisha robo ya mwili kwenye benchi.

— Nionyesheni, alisema.

Jacqueline alifika na bajaji, madumu manne ya maji miguuni, jasho mpaka kwenye kope. Pamoja na yote aliwaambia wazee shikamooni, wazee wakaitika marahaba kama watu walioshikwa. Akapita uani. Benchi zima likamfuata, na Severa hakuwa na nguvu ya kulizuia.

Daktari alikuwa ameshafungua begi lake na kutoa kipimo kilicholala kwenye sponji kama chombo cha kanisani. Akakichovya kwenye nyekundu ya kwanza.

— Changu kinasema saba nukta sita moja. Chako?

— Saba nukta sita mbili.

— Njano ya tatu. Saba nukta nane tatu.

— Saba nukta nane tatu.

Kompresa alitoa pumzi kama tairi. Daktari aliendelea ndoo hadi ndoo, na mara zote namba za kwenye kontena la chakula zilikuwa zile zile au jirani yake. Kisha akaomba rekodi. Jacqueline akampa simu: mistari mitatu imelala sawa siku sita na zaidi, kama mabomba kwenye shelfu, halafu mwishoni ule wa bluu unaporomoka.

— Saa nne na dakika saba, alisoma daktari. Na wewe umejua saa ngapi?

— Saa nne na kumi na moja.

— Dakika nne. Ukiwa Feri.

— Ndiyo, daktari.

Daktari Ritha alicheka peke yake.

— Mashine yetu kubwa mwaka juzi ilikosea siku kumi na moja, alisema. Tulijua chaza walipoanza kunuka. Na fundi wake ilibidi aje kwa ndege.

— Huyu wetu anakuja kwa kandambili, alisema Waridi.

— Ila wiki hii siwezi kuipokea, aliendelea daktari, na kicheko kikaisha. Bluu zimeguswa, hakuna tena cha kulinganisha. Anza upya. Chaza wapya, siku saba. Nikirudi Jumanne ijayo nikikuta mistari imelala hivi, nachukua mtambo na nakuchukua wewe. Fundi naye nitamtaka, atufungie mingine kama huu kule kituoni. Mkishamfundisha bluu ni nini.

— Nimeshafundishwa, alisema Kompresa. Nimefundishwa vya kutosha.

Jacqueline hakumtazama daktari. Alimtazama mama yake.

— Mama, Jumamosi...

Severa alikuwa amechoka. Miguu ilimuuma tangu saa kumi na moja alfajiri, na kila akipita dukani bomba la inchi nne lilimgonga bega lile lile. Alizitazama ndoo tisa, nyuzi, dripu, vali zilizoacha kufua, kontena lake. Vyote vilikuwa vitu vya mtaani hapa, vitu alivyovikanyaga kila siku, na mtoto aliyemzaa alikuwa amevikalisha pamoja vikasema ukweli hata alipokuwa hayupo.

— Jumamosi utakuwa unabadilisha maji, alisema. Mabomba yatalala dukani.

— Na mjomba?

— Gaudens kafungua duka lile kabla hujazaliwa. Litafunguka.

Akarudi kaunta. Nyuma yake benchi lililipuka, kila mtu akimweleza mwenzake mtambo kama vile alikesha nao. Vali zilikuwa za Mzee Rajni, mikunjo ilikuwa heshima ya mafundi wote, na Bunge alikuwa ameanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni bahari.

Kwenye kaunta alisimama mama mmoja wa makamo, khanga begani, mfuko wa dagaa mkononi. Alikuwa amekuja kununua koki ya nyumbani, Magomeni. Makelele ya uani yalimvuta, akanyoosha shingo.

— Kuna nini huko?

— Njoo uone, mama yangu, Kompresa alimkaribisha, kofia imerudi kichwani. Hii ndoo nyekundu ndiyo bahari yetu ya mbele. Sasa tega sikio.

Wakanyamaza. Ndani ya kontena kitu kikasema *tak*, na mapovu ya gesi kwenye ndoo yakakatika.

— Umesikia? Gesi ilikuwa imezidi. Koki ikajifunga yenyewe. Maji yakitulia inafungua tena kidogo. Hakuna mtu anayegusa.

— Ikizidi, koki inajifunga, alirudia yule mama.

— Yenyewe!

— Basi maji yanapona.

— Yanapona kabisa, alisema Mzee Rajni. Vali zangu hizo.

Yule mama alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Alimtazama Jacqueline, akamwambia Mungu akuzidishie, mwanangu, na alimaanisha. Kisha akahamisha mfuko wa dagaa mkono mwingine.

— Na ile ya kule Feri, bahari yenyewe, koki yake iko wapi?

Bunge alifungua mdomo. Kila mtu alisubiri, maana Bunge hajawahi kukosa. Akaufunga. Mzee Rajni alitazama ndani ya finjani yake. Jacqueline alimgeukia daktari, na daktari alikuwa anafunga begi lake ambalo lilikuwa limeshafungwa. Waridi aliinamisha dele alilokuja nalo uani kummiminia mgeni, likatoka tone moja na machicha.

— Mama, alisema Severa kutoka kaunta, hii ya nyumbani unataka ya nusu inchi au ya robo tatu?

— Nusu.

Severa alishusha koki moja, akaipuliza vumbi. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena mpaka ikagoma, kama anavyozijaribu zote kabla ya kuuza, na uani kote hapakusikika kitu ila zile pampu ndogo zikipuliza.